SOMO LA WAZAZI NA WALIMU: MTOTO ASIYESHIKA MASOMO, TUMPIME NAMNA GANI?

Masomo ya kusoma kwanza: Danieli 1:3-20, Waamuzi 12:5-6, Marko 8:22-25 na 9:14-27, 2 Samweli 4:4.



Walimu wetu wa shule ya Jumapili, wale wa Ryansoro katika milima ya Gitega na hawa wa kwetu Muyinga, wametuletea ulizo moja mara nyingi: kuna watoto hawashiki kitu, tufanye nini nao? Mwingine ana miaka kumi na hajui herufi. Mwingine anaanza kazi na kuiacha kabla haijafika nusu. Mwingine anakaa kimya, ukimwita hageuki. Na wakati sisi tunaulizana, watoto hao wamekwisha kupewa majina. Mmoja anaitwa mjinga, mwingine mkaidi, mwingine anasemwa kuwa ana pepo. Mvulana ametolewa shuleni achunge mbuzi. Msichana amepelekwa kwenye chumba cha maombi akafungishwa siku tatu bila chakula. Hayo yanatendeka kati yetu sisi tunaoimba pamoja siku ya Jumapili, kwa hiyo hatutalipitia somo hili haraka.

Kupima si kuhukumu

Mtu aliyeanzisha vipimo vya akili vinavyojulikana leo ni Mfaransa Alfred Binet. Mwaka 1905 yeye na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo chao cha kwanza mjini Paris. Serikali ilikuwa inatafuta njia ya kuwajua watoto wanaohitaji msaada wa pekee shuleni. Kusudi lilikuwa msaada. Binet mwenyewe aliwapinga watu waliosema kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika mpaka kufa. Baada yake wengine waligeuza kipimo kikawa kama muhuri wa kupiga watu kwenye paji la uso, lakini hiyo haikuwa nia yake.

Basi tuelewane hapa kwanza. Mpimaji mwema anauliza: ni nini kinachomzuia mtoto huyu, na tumsaidieje? Mpimaji mbaya anauliza: mtoto huyu ni wa ngapi? Swali la pili ndilo tunalolipenda sana kwetu, tukisoma orodha ya darasa kwa sauti mbele ya watu wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Yule wa mwisho anajifunza siku hiyo jambo moja tu, nalo si hesabu.

Lugha: Danieli na watu wa Efraimu

Someni Waamuzi 12. Watu wa Efraimu waliokuwa wanakimbia walifika kwenye vivuko vya Yordani, wakapimwa kwa neno moja tu, Shibolethi. Ulimi wao haukuweza kulitamka kama watu wa Gileadi, wakasema Sibolethi, na Biblia inahesabu elfu arobaini na mbili waliokufa. Sisi tuliovuka Ruzizi tunaielewa sura hii bila kamusi. Kipimo kile hakikupima akili wala moyo wa mtu, kilipima alikozaliwa.

Sasa someni Danieli 1. Vijana wanne wamehamishwa kwa nguvu mpaka nchi ya watu. Hata Nebukadreza, ambaye hakuwa mtu wa huruma, hakuwapima siku waliyofika. Aliagiza wafundishwe lugha na elimu ya Wakaldayo, akawapa chakula na muda wa miaka mitatu, ndipo akawaita na kuwauliza maswali. Wakaonekana bora mara kumi. Kama angewapima wiki ya kwanza, kwa Kikaldayo, Danieli angeandikwa mjinga.

Tazameni mtoto wetu. Nyumbani anasema Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, njiani anasema Kiswahili. Akiingia shule ya Burundi anakuta Kirundi katika madarasa ya kwanza, halafu Kifaransa, na Kiingereza kikifundishwa pia. Akishindwa kujibu tunasema hana akili. Hatujui bado! Njia ya kujua ni rahisi: muulize jambo lile lile kwa lugha ya mama yake. Mwambie: nenda ulete kikombe, kiweke chini ya kiti, halafu ufunge mlango. Akifanya yote matatu kwa mfuatano katika lugha ya nyumbani, na kwa Kifaransa anakutazama tu, shida yake ni lugha. Anahitaji muda kama Danieli. Lakini akipotea hata katika lugha ya mama, wakati wadogo zake wanaweza, hapo tuendelee kuchunguza.

Kitu alichokizoea na kitu asichokizoea

Kuna mwalimu mmoja, Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia. Katika uchunguzi alioutoa mwaka 1979 alilinganisha watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza. Kwa kuchora kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa kutengeneza umbo kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawasawa. Watoto ni wale wale, kilichobadilika ni kitu walichowekewa mikononi. Sisi tunaowaona wavulana wetu wakitengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu, tunashangaa nini? Mtoto anayeweza kazi hiyo anajua kupanga, kukumbuka na kupima. Serpell na wenzake walitengeneza hata kipimo ambacho mtoto anapewa udongo afinyange mtu, badala ya kumchora.

Tena mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walitoa habari za watoto wa kijiji cha Usenge, kando ya ziwa Victoria upande wa Kenya. Waliwauliza kuhusu dawa za miti zinazotumika huko. Waliojua sana dawa hizo hawakuwa wale waliofanya vizuri katika maneno ya Kiingereza, bali mara nyingi ilikuwa kinyume. Tusiseme basi kwamba shule haina kazi. Tunasema tu kwamba mtu akitaka kujua akili ya mtoto, lazima amtazame pia kisimani, sokoni, kwenye mchezo na kwenye kazi za nyumbani. Je, anarudisha chenji sawasawa? Anajua mbuzi gani hayupo? Anaweza kueleza mchezo kwa mwenzake? Mwalimu haoni hayo. Mzazi anayaona, na ndiyo sababu kipimo bila mzazi ni nusu ya kipimo.

Umri wake ni upi kwa kweli?

Jambo hili watu wanalidharau. Watoto wengi wetu hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ya familia uliwekwa mbio mbio siku ya kuandikishwa. Mtoto wa miaka sita aliyeandikwa nane ataonekana mzito kila siku, naye ni mzima. Na wa kumi na mbili aliyeandikwa tisa ataonekana hodari, shida yake ijifiche. Tumieni kalenda ya matukio. Alizaliwa kabla au baada ya mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020? Wakati Gitega inatajwa kuwa mji mkuu wa siasa, mwisho wa 2018, alikuwa anatembea? Alikuwa mgongoni au alikimbia kwa miguu yake Goma ilipoanguka Januari 2025? Mama hasahau mambo kama hayo. Halafu hesabuni pia miaka ya shule aliyoikosa. Mtoto ambaye hakukaa darasani miaka mitatu hawezi kulinganishwa na jirani yake ambaye hakukosa hata muhula mmoja.

Masikio na macho kabla ya akili

Katika Marko 8 Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji, halafu anamwuliza kama anaona kitu. Yule anasema anaona watu kama miti inayotembea. Bwana hakutosheka na jibu hilo, aliweka mikono tena mpaka akaona vizuri. Alipima, akapima tena. Ni watoto wangapi wetu wanaoona ubao kama miti inayotembea, na hakuna aliyewauliza?

Kwa macho: chora herufi E kubwa kwenye karatasi, uigeuze huku na huku, mtoto aonyeshe kwa vidole inaelekea wapi. Funika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Kama wenzake wanaiona kutoka umbali ule na yeye haoni, mpeleke kwa muuguzi. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kipimo hiki bila shida.

Kwa masikio: simama nyuma yake, hatua moja, aweke kidole katika sikio moja. Nong'ona maneno anayoyajua kwa lugha yake, kama maji, mbuzi, mama, naye ayarudie. Kisha sikio la pili. Sikio linalotoa usaha kila mara si jambo la kawaida, hata kama watoto wa nyumba nzima wanalo. Linaweza kupunguza kusikia miezi na miaka, na mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi, mpole kupita kiasi, au mjinga. Matibabu yakianza mapema, wengi wanasaidika. Wazazi, msimwage mafuta wala dawa za majani humo ndani.

"Tangu lini?"

Sasa Marko 9. Baba ameleta mwana anayeanguka, anayetoa povu na kusaga meno. Mathayo anatoa habari hiyo hiyo katika sura ya 17, na Biblia yetu ya Kiswahili inataja kifafa. Kabla ya kutenda neno lolote Yesu anamwuliza baba: amepatwa na jambo hili tangu lini? Baba anajibu tangu utoto, akaeleza jinsi anavyoangukia motoni na majini. Wapendwa, Bwana mwenye kujua yote aliuliza. Sisi tusiojua tunakimbilia kukemea.

Ulizo la "tangu lini" linafungua mambo mengi. Mimba ilikuwaje, na kuzaliwa? Alilia mara moja? Alikaa, alitembea, alisema neno la kwanza kwa wakati wa ndugu zake? Aliwahi kuanguka na kupoteza fahamu? Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomwangusha akikimbia habari za vita, akawa kilema. Kati yetu wapo walioangushwa vile vile usiku wa kukimbia, na wengine waliumia kichwa, si miguu.

Aliwahi kuwa na malaria kali yenye degedege na kupoteza fahamu? Madaktari waliofuata watoto wa hospitali ya Mulago, Kampala, walionyesha mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani, hasa wa umakini. Kwa watoto wa majirani zao hawakufika mmoja kati ya kumi. Mtoto wa namna hiyo alipona homa, mzazi akashukuru Mungu, na hakuna aliyeunganisha homa ile na shida ya darasani.

Tuulize pia chakula. Uchunguzi wa kitaifa wa Burundi wa 2016-2017 ulikuta watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njaa ya muda mrefu katika miaka ya kwanza inapunguza nguvu ya kujifunza. Chumvi isiyo na iodini nayo inadhuru: kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kilijulikana tangu miaka ya 1960 kwa uvimbe wa shingo na watoto waliozaliwa na akili pungufu kwa sababu ya kukosa madini hayo. Nunueni chumvi iliyotiwa iodini. Na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu. Huko Kahemba, Kongo, sumu hiyo imewalemaza watoto miguu kwa ugonjwa wa konzo, na mwaka 2013 wachunguzi walionyesha kwamba inagusa akili pia. Tunajua njaa inaharakisha mkono wa mama. Hata hivyo tulowekeni muhogo siku zote zinazotakiwa.

Juu ya kifafa tuseme wazi. Kipo kifafa cha kuanguka, na kipo cha kimya: mtoto anakatika sekunde chache, macho yameganda, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Kikija mara nyingi kwa siku, anakosa nusu ya somo, na mwalimu anampiga kwa kuota ndoto za mchana. Katika nchi hii, huko Kiremba, uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulihusisha kifafa na mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu anayameza kwa mikono na maji yenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Choo na sabuni ni kinga. Kifafa kina dawa, kama fenobabito, na haitakiwi kuachwa ghafla, kwa sababu mtoto anaweza kuanguka mfululizo mpaka afe. Mtumishi yeyote anayemwambia mzazi atupe vidonge ili kuonyesha imani, anamweka mtoto katika hatari ya kifo. Tunaomba, na tunameza dawa. Kwa ndugu waliotoka Kongo tukumbushe pia kwamba sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi.

Mtoto asiyetulia

Watoto wote hukimbia. Waganga wanaojua shida ya umakini wanaangalia mambo matatu kabla ya kusema ni ugonjwa: dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu zaidi ya miezi sita, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani, shuleni na kanisani. Anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, tumtazame mwalimu pia. Darasa la watoto mia moja na benchi kumi halipimi umakini wa mtu.

Kwetu kuna jambo lingine kubwa. Mtoto aliyeona watu wakiuawa hashiki somo kwa sababu kichwa chake kinalinda mlango. Analala vibaya, anashtuka, mlango ukigongwa anaruka, anasahau. Kwa macho ya mwalimu anafanana kabisa na yule mwenye shida ya umakini ya kuzaliwa nayo. Tofauti inaonekana katika ulizo lile lile: alikuwaje kabla ya vita? Analala saa ngapi? Anaota nini? Huyu anahitaji usalama, usingizi, mtu mzima mmoja asiyebadilika, na mshauri aliyefundishwa. Fimbo inamrudisha kule kule alikotoka.

Anayeshindwa kusoma tu

Yupo mtoto mwerevu katika mambo yote, isipokuwa herufi. Anaeleza hadithi vizuri, anahesabu kichwani, lakini kitabu kinamshinda mwaka baada ya mwaka. Jina la shida hiyo ni disleksia, nayo si uvivu. Kwa kupima kusoma tunaweza kuiga kazi ya Uwezo, ambao tangu 2009 wametuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda: mtoto anapewa herufi, kisha maneno, kisha fungu fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia kumfundisha, hata kama ni mkubwa. Kwa Kiswahili tuongeze silabi, ba be bi bo bu, na mchezo wa sauti: taja vitu vinavyoanza kama "mama". Asiyesikia kwamba "mama" na "meza" zinaanza sauti moja, baada ya kufundishwa mara nyingi, tumwandike.

Vijana

Kwa kijana tuulize kwanza: ni shida ya siku zote au imeanza juzi? Aliyekuwa anashika na sasa hashiki, kuna kitu kimetokea. Msiba, bangi, pombe, kukosa usingizi, huzuni nzito, au msichana anayekosa shule kila mwezi kwa kukosa kitambaa. Pengine ametendewa ubaya na hathubutu kusema. Wazee, msimwulize mbele ya familia nzima. Mama mmoja mwaminifu, mahali pa utulivu, anatosha. Akisema neno zito, lisigeuzwe kuwa ombi la hadhara Jumapili.

Maswali kumi, na baada yake

Kuna orodha fupi ya maswali kumi kwa mzazi wa mtoto wa miaka 2 mpaka 9, iliyotumika katika nchi nyingi. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, ilitumika kwa watoto zaidi ya elfu kumi. Inauliza kama mtoto alichelewa kukaa au kutembea, kama anaona, anasikia, anaelewa akiambiwa, ana udhaifu wa mikono au miguu, ana kuanguka kwa kifafa, anajifunza kama wenzake, anasema, maneno yake yanaeleweka, na kama anaonekana mzito kuliko wa umri wake. Mzazi akikubali shida hata katika swali moja, mtoto apelekwe mbele. Orodha haisemi mtoto ana ugonjwa gani. Inasema tu: huyu atazamwe na mwenye ujuzi.

Mwenye ujuzi yuko wapi? Anzeni na kituo cha afya cha kambi au cha mlima wenu, na mtu wa ulinzi wa watoto. Kwa kifafa na magonjwa ya akili, kituo kikubwa cha nchi kiko Kamenge, Bujumbura, chini ya Mabruda wa Upendo. Bujumbura pia kuna Akamuri kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Safari ni ndefu na nauli ni shida, tunajua. Kwa hiyo msiende mikono mitupu. Mchungaji, mwalimu na mzazi wakae pamoja, waandike ukurasa mmoja: umri kwa kalenda ya matukio, lugha za mtoto, miaka ya shule, macho na masikio, historia ya mimba na magonjwa, mambo anayoyaweza, mambo yanayomshinda, na tangu lini. Ukurasa huo unamwokolea mganga saa nzima.

Neno moja kwa upole: wapo wanaoongeza ulemavu wa mtoto mbele ya maofisa wakidhani utaharakisha safari ya Marekani au Kanada. Mtoto anasikia yote yanayosemwa pale. Andikeni yaliyo kweli, wala msipunguze kwa aibu.

KAZI YA WIKI MBILI: Kila mwalimu wa shule ya Jumapili achague mtoto mmoja tu anayemtia wasiwasi. Apate ruhusa ya wazazi. Amtazame mara tatu: darasani, nyumbani, mchezoni. Afanye kipimo cha macho na cha masikio, na kipimo cha kusoma kama amefika umri. Aandike kwanza mambo matatu ambayo mtoto anayaweza, halafu ndipo shida. Jina la mtoto lisitajwe kwenye mkutano. Daftari ziletwe kwa mchungaji wa mahali, na wa Ryansoro wazitume pamoja na taarifa yao ya mwezi.